William Halsted: daktari aliyempasua mama yake jikoni, kisha akapatwa na ugonjwa ule ule

Ilikuwa saa nane za usiku, mwaka 1882, katika mji wa Albany, jimbo la New York nchini Marekani. Meza ya jikoni ilikuwa imegeuzwa kitanda cha upasuaji. Aliyelazwa juu yake alikuwa mama mtu mzima, ngozi imegeuka manjano, homa imepanda, na chini ya mbavu za upande wa kulia kuna uvimbe uliouma hata kwa kuguswa. Aliyeshika kisu alikuwa mwanawe wa kumzaa, William Stewart Halsted, aliyekuwa na miaka mitano tu tangu apate shahada ya udaktari.

Halsted alichana tumbo, akaufikia mfuko wa nyongo uliokuwa umejaa usaha, akautoboa, akautoa usaha wote na kuondoa mawe saba. Mama akapona.

Miaka 40 baadaye daktari huyo huyo, sasa akiwa profesa anayejulikana duniani, alilala mwenyewe kwenye meza ya upasuaji kwa sababu ya nyongo. Safari hiyo mambo hayakwenda vizuri.

Katika makala haya tunasimulia maisha ya mtu huyu, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo madaktari wanaendelea kujiuliza hadi leo: mfuko wa nyongo ukivimba ghafla na kujaa usaha, je, uondolewe mara moja, au utolewe usaha kwanza mgonjwa apate nafuu? Na kama ni kutoa usaha, upitie njia gani?

Kwanza, nyongo ni nini?

Tukisema nyongo, wengi wetu tunafikiria ile ya kuku, ambayo ukiipasua wakati wa kuandaa kitoweo basi nyama yote inakuwa chungu. Binadamu naye anayo. Ini hutengeneza maji ya nyongo yanayosaidia kusaga mafuta, na mfuko mdogo uliokaa chini ya ini huyahifadhi. Ukila chakula chenye mafuta, mfuko hujibana na kuyasukuma maji hayo kupitia mrija mwembamba hadi kwenye utumbo.

Kwa baadhi ya watu maji hayo huganda na kufanya vijiwe. Wengi hukaa navyo miaka mingi bila kujua. Shida huanza kijiwe kinapoziba shingo ya mfuko. Maji hayatoki, mfuko unavimba, vijidudu vinazaliana, na usaha unaweza kujaa. Ukiachwa, mfuko unaweza kuoza au kupasuka na kumwaga uchafu tumboni. Hapo maisha ya mgonjwa yanakuwa hatarini.

Kijana wa mpira aliyegeukia vitabu

William Halsted alizaliwa tarehe 23 Septemba 1852 katika jiji la New York, kwenye familia ya wafanyabiashara wenye uwezo. Alisoma Chuo Kikuu cha Yale, ambako alijulikana zaidi kwa michezo kuliko darasani, na akawa nahodha wa timu ya mpira wa Kimarekani. Alimaliza mwaka 1874. Kisha akaingia chuo cha udaktari cha New York, na hapo akabadilika kabisa. Alihitimu mwaka 1877 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora.

Mwaka 1878 alikwenda Ulaya kwa miaka miwili kujifunza kwa mabingwa wa Austria na Ujerumani. Wakati huo wapasuaji wa huko walikuwa wanaanza kukubali jambo ambalo wengi wa Marekani walilipuuza: kwamba vidonda vinaoza kwa sababu ya vijidudu, na kwamba usafi wa mikono na vifaa unaokoa maisha. Halsted alirudi nyumbani akiwa ameshika somo hilo kwa mikono miwili. Alipofanya kazi katika hospitali ya Bellevue, aliona majengo hayana usafi anaoutaka, akajengewa hema uwanjani ili afanyie upasuaji humo.

Mwaka 1881 dada yake alivuja damu nyingi baada ya kujifungua, karibu afe. Halsted alitoa damu kwenye mshipa wake mwenyewe, akamwekea dada yake, kisha akamfanyia upasuaji. Makundi ya damu yalikuwa bado hayajajulikana, kwa hiyo damu hiyo ingeweza pia kumuua. Bahati ilikuwa upande wao na dada akaishi. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya mama.

Njia mbili, mwaka mmoja

Ili tuelewe uzito wa usiku ule wa Albany, lazima tujue upasuaji wa nyongo ulikuwa wapi wakati huo.

Mwaka 1867, katika mji wa Indianapolis, daktari John Bobbs alimpasua mwanamke mmoja akidhani ana uvimbe wa kizazi. Badala yake alikuta mfuko wa nyongo uliojaa mawe. Aliutoboa, akatoa mawe, akauacha mfuko mahali pake. Mwanamke yule alipona na akaishi miaka mingi kuliko daktari wake. Mwaka 1878 wapasuaji wengine wawili, Marion Sims na Theodor Kocher, walifanya upasuaji wa aina hiyo. Mgonjwa wa Sims alifariki baada ya siku chache, wa Kocher alipona.

Hiyo ndiyo njia aliyoitumia Halsted kwa mama yake: toboa, toa usaha na mawe, acha mfuko.

Mwaka ule ule wa 1882, tarehe 15 Julai, daktari Carl Langenbuch wa Berlin alifanya jambo jipya. Alimpasua mwanamume wa miaka 43 aliyeteseka kwa miaka 16, akauondoa mfuko wote. Siku ya pili mgonjwa hakuwa na homa, na alikuwa ameketi akivuta sigara. Hoja ya Langenbuch ilikuwa rahisi: mfuko unaotengeneza mawe utaendelea kuyatengeneza, kwa hiyo kuyatoa mawe na kuuacha mfuko ni kuahirisha tatizo.

Wapasuaji waligawanyika kwa miaka mingi. Waliounga mkono kutoboa walisema ni kazi fupi na mgonjwa aliyedhoofika anaivumilia. Waliounga mkono kuondoa walisema aliyetobolewa tu atarudi tena na ugonjwa ule ule. Kila upande ulikuwa na ukweli wake.

Dawa ya ganzi iliyomgeuka

Mwaka 1884 habari zilifika kutoka Ulaya kwamba daktari Karl Koller amegundua kuwa kokeini ikidondoshwa jichoni, jicho linakufa ganzi. Halsted na wenzake wakaanza kujichoma dawa hiyo wao wenyewe kwa majaribio. Waligundua kwamba ukiichoma karibu na neva, sehemu yote inayohudumiwa na neva hiyo inakufa ganzi. Ukienda leo kung'olewa jino ukachomwa sindano kwenye taya, unafaidika na kazi ile.

Lakini wakati huo hakuna aliyejua jinsi kokeini inavyomfunga mtu. Halsted alikuwa mtumwa wa dawa hiyo, na baadhi ya wenzake waliharibikiwa kabisa. Mwaka 1886 alilazwa kwa miezi kadhaa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Providence. Matibabu ya zama zile yalikuwa kumpa mofini badala ya kokeini, kwa hiyo alitoka na utumwa mwingine. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba alipona. Mwaka 1969 yalifunguliwa maandishi ya siri ya rafiki yake, daktari William Osler, yakaonyesha kwamba aliendelea kutumia mofini muda mrefu baada ya hapo, akiwa kazini.

Hatulisemi hili kumvunjia heshima. Tunalisema kwa sababu lilibadilisha tabia yake. Yule kijana wa haraka aliyempasua mama usiku wa manane alikuwa sasa mtu mkimya, mwenye aibu, anayekwenda polepole. Na upasuaji wake nao ukawa wa polepole: kugusa nyama kwa upole, kufunga kila mshipa unaovuja damu, kushona kwa nyuzi nyembamba. Wapasuaji wa wakati huo walisifiwa kwa kasi. Halsted alionyesha kwamba mgonjwa aliyepasuliwa kwa utaratibu hupona vizuri zaidi.

Baltimore, glavu na wanafunzi

Rafiki yake William Welch alimchukua Baltimore mwishoni mwa mwaka 1886 na kumpa nafasi kwenye maabara. Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa mwaka 1889, Halsted alianza kazi humo, na baadaye akawa mkuu wa upasuaji na profesa wa kwanza wa fani hiyo chuoni hapo.

Kuna kisa cha glavu. Muuguzi mkuu wa chumba chake cha upasuaji, Caroline Hampton, alikuwa anababuka mikono kwa sababu ya dawa kali za kuulia vijidudu. Halsted aliiomba kampuni ya mpira ya Goodyear itengeneze glavu nyembamba za kumkinga. Mwaka 1890 wawili hao wakafunga ndoa. Glavu zilizotengenezwa kulinda mikono ya mwanamke mmoja zikaja kugundulika kwamba zinawalinda pia wagonjwa.

Halsted alianzisha pia utaratibu wa madaktari vijana kuishi hospitalini kwa miaka kadhaa wakiongezewa majukumu hatua kwa hatua hadi wawe mabingwa. Mafunzo ya mabingwa wa upasuaji katika nchi nyingi leo yana mizizi yake hapo. Aliboresha upasuaji wa ngiri. Alibuni pia upasuaji mkubwa wa saratani ya matiti, ambao baadaye wataalamu waliuona ni mkubwa kupita kiasi na wakauacha.

Nyongo haikumwacha. Mwaka 1898 alimfanyia upasuaji mgonjwa mwenye saratani mahali ambapo mrija wa nyongo unaingia kwenye utumbo, jambo ambalo lilikuwa halijafanyika. Mwaka 1901 aliandika kuhusu mgonjwa aliyefariki kwa kuvimba kongosho. Uchunguzi wa maiti, uliofanywa na mwenzake Eugene Opie, ulikuta kijiwe kidogo kimekwama mwisho wa mrija, kikairudisha nyongo kwenye kongosho. Kwa hiyo Halsted alijua vizuri kuliko wengi kwamba kijiwe kinaweza kutoka kwenye mfuko, kikashuka, na kuua kikiwa sehemu nyingine.

Zamu yake

Halsted alipofika miaka ya sitini maumivu yalianza upande wa kulia. Mwaka 1919 alipasuliwa na mwanafunzi wake wa zamani, Richard Follis, na mfuko wa nyongo ukaondolewa. Tuseme hivi: alifanyiwa kile alichofanya Langenbuch, si kile alichomfanyia mama yake.

Alipata nafuu, lakini mwaka 1922 maumivu yalirudi pamoja na umanjano. Mfuko haukuwepo tena, ila kijiwe kilikuwa ndani ya mrija mkuu. Mwezi Agosti wanafunzi wake wengine wawili, George Heuer na Mont Reid, walimpasua tena Baltimore na kukitoa. Baada ya upasuaji alivuja damu, kisha mapafu yakashambuliwa. Alifariki tarehe 7 Septemba 1922, zikiwa zimebaki siku 16 tu atimize miaka 70. Mkewe Caroline alimfuata kabla mwaka haujaisha.

Mama aliyetolewa usaha na mawe kwenye meza ya jikoni alinusurika. Mwanawe, ndani ya hospitali bora, mikononi mwa mabingwa aliowafundisha mwenyewe, hakunusurika. Lakini tusikimbilie kusema kwamba kutoboa ni bora kuliko kuondoa. Kilichomrudisha Halsted mezani kilikuwa kijiwe cha kwenye mrija, na wakati huo hakukuwa na kipimo cha kukiona bila kumpasua mtu.

Swali lile lile leo

Leo mgonjwa akifika hospitali na dalili hizi, hupimwa damu na ultrasaundi, huwekewa dripu na kupewa antibayotiki. Kama mwili wake una nguvu ya kuhimili nusu kaputi, ushauri wa kawaida ni kuuondoa mfuko mapema, ndani ya siku chache, mara nyingi kwa upasuaji wa matundu madogo. Daktari Erich Mühe wa Ujerumani aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1985.

Kwa mtu mzee sana, au mwenye moyo, mapafu au figo dhaifu, ndipo mjadala wa mwaka 1882 unaporudi. Zipo njia tatu za kutoa usaha.

Ya kwanza ni kupitisha mpira mwembamba kwenye ngozi, mara nyingi kupitia ini, hadi kwenye mfuko wa nyongo, daktari akiongozwa na ultrasaundi. Ganzi ya mahali panapochomwa inatosha, na inaweza kufanyika hata kitandani kwa mgonjwa. Uzuri wake ni kwamba inahitaji vifaa vichache kuliko nyingine. Ubaya wake ni kuishi na mpira na mfuko wa kukingia kwa wiki kadhaa. Mpira unaweza kuuma, kuziba au kuchomoka, na baadhi ya wagonjwa huugua tena ukishatolewa.

Ya pili ni kupitia mdomoni. Daktari hushusha endoskopi, yaani mrija wenye kamera, hadi pale nyongo inapoingilia kwenye utumbo, kisha hupandisha kijimrija cha plastiki hadi ndani ya mfuko. Humfaa mtu ambaye kumchoma kupitia ini ni hatari, kwa mfano anayevuja damu kirahisi au aliyejaa maji tumboni. Hata hivyo njia ni nyembamba, wakati mwingine haipitiki, na kongosho linaweza kuvimba.

Ya tatu pia hupitia mdomoni, lakini endoskopi yenyewe ina ultrasaundi kwenye ncha. Daktari akiuona mfuko kupitia ukuta wa tumbo la chakula au utumbo, anatoboa na kuweka kijimrija cha chuma kinachounganisha pande mbili. Usaha na mawe humwagikia ndani, na hakuna mpira wa nje. Utafiti wa kimataifa ulioongozwa na madaktari wa Hong Kong, uliochapishwa mwaka 2020 ukiwa na wagonjwa 80, uliilinganisha njia hii na mpira wa kupitia ngozi. Ndani ya mwaka mmoja, matatizo yalitokea kwa takriban asilimia 26 ya waliopitia njia hii, dhidi ya asilimia 78 ya wale wa mpira. Kikwazo ni gharama na uhaba wa wataalamu.

Lakini kabla ya kuchagua kati ya hizo tatu, daktari hujiuliza kama mgonjwa huyu kweli hawezi kupasuliwa. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa zaidi ya 130 waliohesabiwa kuwa na hatari kubwa, ulilinganisha upasuaji wa matundu madogo na mpira wa kupitia ngozi. Matatizo makubwa yaliwapata asilimia 12 ya waliopasuliwa na asilimia 65 ya waliowekewa mpira. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu tofauti ilikuwa wazi. Haukuwahusisha wagonjwa mahututi kabisa, na hao ndio bado wanaokolewa na mpira.

Kwa hiyo Langenbuch alikuwa sahihi kwamba kuondoa mfuko ndiyo tiba ya kudumu. Na Halsted wa usiku ule alikuwa sahihi kwamba mtu anayekaribia kufa anahitaji kwanza usaha utoke. Jiwe lililobaki kwenye mrija ni jambo la tatu, ambalo linahitaji kutafutwa kwa makusudi, hasa mgonjwa akiwa wa manjano.

Msomaji wetu, ukipata maumivu makali chini ya mbavu za kulia yasiyoisha kwa saa kadhaa, hasa yakiambatana na homa, kutapika au macho ya manjano, usikae nyumbani ukinywa dawa za vidonda vya tumbo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama ndugu yako amewekewa mpira wa kutoa usaha, muulizeni daktari maswali mawili kabla ya kuondoka wodini: mpira utatolewa lini, na je, mfuko wenyewe utaondolewa baadaye au la.